Ukurasa wa Nyumbani: Ni Nani Aitwaye Mshonaji?



Miezi hii tumepokea barua zaidi ya moja zihusuzo kazi ya sindano, na karibu zote zauliza jambo moja kwa maneno mbalimbali. Mke wa mwalimu mmoja atuarifu kwamba alianza kushona mfarishi wa viraka, na huu ni mwaka wa tatu, wala haujafika nusu ya kitanda. Hana fedha ya kununua nguo mpya. Vipande vyake vyatoka katika kanzu za mumewe na kanga zilizochakaa. Mchana yuko shambani, jioni yuko jikoni, na taa ya usiku yataka mafuta. Jirani yake mwenye cherehani ameshona mitano kwa muda huo huo. Basi wenziwe wakitajana kuwa wao ni washonaji, yeye huona haya kuitikia. Auliza, je, jina hili lampasa, au ajidanganya?

Swali hili si dogo kama lionekanavyo. Mwenye kuona haya kwa kazi yake huificha, na aifichaye mara nyingi huiacha. Na mfarishi ulioachwa katikati haumfuniki mtoto siku za baridi. Kwa hiyo tumeona vema kulijibu kwa urefu, tena kwa habari za watu waliokuwako na walio hai, wala si kwa maneno ya kumpoza moyo tu.

Kwanza tupatane juu ya kitu chenyewe. Mfarishi wa viraka ni nguo ya tabaka tatu. Juu ni uso, ulioungwa kwa vipande. Chini ni bitana. Katikati ni pamba, au blanketi kuukuu, au kitu cho chote kishikacho joto. Kisha mishono hupita katika tabaka zote tatu na kuzifunga pamoja, zisitengane, wala pamba isikusanyike pembeni. Ni mishono hiyo iufanyayo kuwa mfarishi. Pasipo hiyo ni nguo mbili na pamba. Katika maelezo haya hakuna neno la bei ya nguo, wala la hesabu ya miezi, wala la wingi wa kazi zilizokwisha.

Sasa twende Marekani, maana huko kazi hii imeenea sana, na watu wake wameandika habari za washonaji wao. Wakitaja walio wakuu hawakosi kumtaja Bibi Harriet Powers. Huyu alizaliwa mtumwa mwaka 1837, karibu na mji wa Athens katika jimbo la Georgia. Alipata uhuru wakati vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipokwisha, mwaka 1865. Alikuwa mke wa mkulima, na mama wa watoto wasiopungua tisa. Kwa hiyo asidhani mtu kwamba alikuwa na saa nyingi za kukaa kitako na sindano yake. Mifarishi yake ijulikanayo kuwa ingaliko hata leo ni miwili tu. Mmoja umewekwa Washington, katika nyumba ya makumbusho ya historia ya taifa lile. Wa pili uko Boston, katika nyumba ya makumbusho ya sanaa. Ni kweli alishona na mingine, maana katika barua yake ya mwaka 1896 aitaja. Lakini jina lake lasimama juu ya hiyo miwili.

Mfarishi wa kwanza una mafungu 11, na kila fungu lina habari ya Biblia. Alikata sanamu za watu na wanyama katika vitambaa, akazishonea juu ya nguo: Adamu na Hawa bustanini, Kaini akimwua Habili, ndoto ya Yakobo, ubatizo wa Bwana, Yuda na vipande vyake vya fedha, karamu ya mwisho, na nyingine. Mishono yake mingine ni ya mkono, na mingine ni ya cherehani. Twalitaja hili kusudi, kwa sababu kuna watu wasemao kwamba mshonaji wa cherehani si mshonaji, na wengine wasemao kwamba asiye na cherehani asijisumbue. Wote wawili wangemkuta Bibi Powers amewatangulia.

Mwaka 1886 mfarishi huo ulionyeshwa katika maonyesho ya pamba mjini Athens. Bibi mmoja wa Kizungu, Jennie Smith, mwalimu wa kuchora, aliuona, akamtafuta mwenyewe hata akampata, akataka kuununua. Bibi Powers akakataa. Hakutaka kuachana nao kwa bei yo yote. Ikapita miaka. Shida ikaingia nyumbani, naye akapeleka neno kwamba sasa yu tayari kuuza. Lakini wakati huo mnunuzi hakuwa na fedha. Baadaye Bibi Smith alipopata kidogo akampelekea habari, naye akaja katika gari la ng'ombe, mfarishi mapajani pake, umefungwa katika mfuko safi wa unga, na mfuko huo umetiwa ndani ya gunia. Akataka dola 10. Akaambiwa ziko 5 tu. Akatoka nje kushauriana na mumewe, akarudi akasema kwamba mume amemshauri azipokee, kwa kuwa mambo ni magumu. Basi akauacha. Lakini kabla ya kwenda zake alieleza maana ya fungu moja moja, na Bibi Smith akayaandika maneno yake. Na baada ya siku hiyo alirudi mara kadhaa, si kwa kudai kitu, ila kuutazama tu.

Twaomba msomaji wetu asipite upesi hapa. Mwanamke huyu alilipwa nusu ya alichotaka. Nguo yake ilifika kwa mnunuzi ndani ya mfuko wa unga. Hata hivyo alijua alichokifanya. Mtu asiyejihesabu kuwa mshonaji hafungi safari kwenda kuitazama nguo aliyokwisha kuiuza. Wala hakungoja dola kumi, au kazi ya kumi, ndipo ajue.

Mfarishi wake wa pili, alioushona katika miaka ya karibu na 1895 hata 1898, una mafungu 15. Ndani yake hamna Biblia peke yake, bali na mambo ya ajabu yaliyotokea Marekani: ile siku ya giza ya tarehe 19 Mei 1780, na usiku wa tarehe 13 Novemba 1833, nyota zilipoanguka kama mvua, na baridi kali ya Februari 1895. Mambo mawili ya kwanza yalitokea kabla hajazaliwa. Aliyapata kwa masimulizi, akayatia katika nguo. Yumo hata nguruwe mmoja, asemwaye kwamba alikimbia maili 500 toka Georgia hata Virginia. Kwa nini nguruwe huyo apewe nafasi karibu na manabii, sisi hatuwezi kueleza, lakini twafurahi kwamba yumo.

Tuliache jimbo la Georgia, tuvuke kidogo kuelekea magharibi, tufike Alabama. Huko mna kijiji kiitwacho Gee's Bend, kilichozungukwa na mto pande tatu, na wenyeji wake ni wazao wa watumwa waliolima pamba. Nyumba zao zilikuwa za mbao zenye mianya, na baridi iliingia. Wanawake wakashona mifarishi kwa nguo za kazi za waume zao, suruali zilizotoboka magotini na mashati yaliyopauka kwa jua. Mahali mfuko ulipobanduliwa, rangi ya zamani hubaki mbivu, na mahali penginepo imefifia. Nao hawakuificha, wakaitumia kuwa pambo. Mwaka 1942 Bibi Missouri Pettway alifiwa na mumewe. Akazitwaa nguo zake za shambani, akazikata, akazishona ziwe mfarishi, apate kumkumbuka na kujifunika kwazo. Nguo hizo hazikununuliwa dukani, wala duka halikuwa na kitu ambacho kingefaa badala yake. Mwaka 2002 mifarishi ya kijiji hicho ilionyeshwa katika nyumba ya makumbusho ya sanaa ya Houston, kisha ikapelekwa miji mingine. Na mwaka 2006 posta ya Marekani ilitoa stempu zenye sura za mifarishi hiyo.

Na wako ndugu zetu wengine walio karibu nasi zaidi kwa damu, ijapokuwa wako ng'ambo ya bahari. Katika misitu ya Karnataka, Bara Hindi, wakaa watu waitwao Wasidi, na wengi katika wazee wao wa kale walitoka pande hizi za Afrika ya Mashariki, wakachukuliwa hata Goa na Wareno kuwa watumwa, wakatorokea bara. Wanawake wao hushona mfarishi uitwao kawandi. Hawatii pamba nene. Viraka vyenyewe, kimoja juu ya kingine, ndivyo viletavyo joto, na bitana yao ni sari kuukuu. Huanzia pembeni, wakazunguka na sindano kuelekea kati mpaka nafasi ikwishe. Wakristo katika hao hupenda kutia msalaba, na Waislamu hupenda kutia mwezi mwandamo. Mwisho hutia viraka vidogo vilivyokunjwa katika pembe nne, viitwavyo ua kwa lugha yao, maana husema kwamba kawandi isiyo na maua hayo i uchi. Hapo twaona jambo la kumfaa yule aliyetuandikia: watu hawa wana nguo chache na kuukuu kama yeye, lakini pembe nne hawazisahau.

Tusije tukaeleweka vibaya. Hatusemi kwamba yule jirani mwenye mifarishi mitano amekosa; watoto wake wanalala katika joto, na hilo ni jema, wala kumwonea kijicho hakuongezi mshono hata mmoja. Wala hatusemi kwamba kila awekaye gunia la vitambaa chini ya kitanda ni mshonaji. Mtu asiyeshika sindano mwaka mzima, na huku ana nafasi, ni mweka vitambaa. Tofauti ni hii: yule mke wa mwalimu kila apatapo nusu saa hushona, na ashonapo hutazama mshono wake kama umenyoka, na usiponyoka huufumua. Huo ndio ushonaji. Mwenye saa sita kwa siku hafanyi jambo jingine. Hulifanya hilo hilo mara nyingi zaidi.

Sasa maneno machache ya kazi. Anayepata nafasi kidogo asishone nguo kubwa nzima mapajani. Ashone kipande kimoja kimoja chenye upana wa shibiri moja, akiweke, aanze kingine. Shibiri 8 kwa upana na shibiri 10 kwa urefu zatosha kitanda cha mtu mzima, nao mfarishi wa kwanza wa Bibi Powers ni karibu kadiri hiyo. Jumla ni vipande 80. Akimaliza viwili kila juma, ni majuma 40. Akimaliza kimoja, ni mwaka mmoja na nusu na siku chache. Si muda wa kutisha. Vipande vikae ndani ya kikapu karibu na mlango, pamoja na sindano iliyokwisha kutiwa uzi, ili mtoto akilala ghafula, kazi isianze kwa kutafuta mkasi.

Nguo zifuliwe kwanza, hasa nyekundu na samawati, zimalize kutoa rangi na kurudi, kabla ya kukatwa. Katika kanga kuukuu katikati ndipo pachakaapo upesi. Pindo lina nguvu bado, basi likatwe hilo. Na asiunge nguo mpya ngumu na nguo kuukuu laini katika kipande kimoja, maana ngumu huivuta laini hata ikapasuka. Jambo hili lilijulikana tangu zamani za Injili. Mifuko ya unga iliyo ya pamba yafaa sana kwa bitana. Huko Marekani, katika miaka ya 1930, wenye viwanda vya unga walijua kwamba wanawake huishona mifuko yao, wakaipiga chapa ya maua ili wapate wanunuzi.

Mwezi ujao tutaeleza namna ya kukata kipimo cha karatasi, na namna ya kukunja bitana iwe pindo bila kununua upapi. Wenye kutaka kufuata pamoja nasi waweke tayari karatasi ngumu, mkasi, na kanga moja iliyochakaa.