BIMA SI HIRIZI

Wahenga walisema kinga ni bora kuliko tiba. Siku hizi nadhani wangeongeza kwamba hata tiba yenyewe yataka kinga, yaani kinga ya mfuko. Mpenzi msomaji, hebu tuulizane: je, familia yenye mapato ya kadiri inaweza kumudu matibabu kwa bima na mipango? Mimi nasema inaweza, mradi tu isiifanye bima kuwa hirizi.

Kwanza tuelewane ni familia gani. Sisemi matajiri ambao wakiumwa na jino hupanda ndege. Sisemi pia maskini hohehahe. Nasema mwalimu, karani, muuguzi na mwenye duka: watu wenye kodi ya nyumba, karo na mkopo wa SACCO, ambao ikifika tarehe ishirini mfuko umeshatoboka. Kule kijijini hawa huitwa matajiri, kwa hivyo hakuna anayewahurumia. Lakini ugonjwa mmoja tu mkubwa, na shamba linauzwa. Shamba likiuzwa, karo itatoka wapi? Ndiyo maana jambo hili latuhusu sisi wanafunzi pia.

Wacha tupige hesabu. Hazina ya NHIF iliyoanzishwa mwaka wa 1966 haipo tena. Tangu Oktoba 2024 mahali pake pamechukuliwa na Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA. Aliyeajiriwa hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara wote. Tuseme baba hupata shilingi 60,000 na mama 40,000. Baba atakatwa 1,650 na mama 1,100, jumla 2,750 kwa mwezi. Chini ya NHIF wangalikatwa 1,300 na 1,000, yaani 2,300. Nyongeza ni shilingi 450. Kwa mwaka mzima watalipa 33,000. Ni pesa, sikatai. Lakini kitanda cha mgonjwa mahututi katika hospitali ya kibinafsi huzimeza pesa hizo kwa siku chache tu.

Basi tatizo liko wapi? Liko kwa wale wanaodhani kwamba wakishakatwa wamemaliza. Kila bima, iwe ya serikali ama ya kampuni, ina mipaka yake. Kuna kiasi ambacho ukikipita unajilipia. Kuna mikataba inayokutaka ungoje miezi kadhaa kabla ya kutibiwa magonjwa fulani. Kuna hospitali zisizo kwenye orodha. Bima ya kazini nayo huisha kazi inapoisha. Ni wazazi wangapi wameisoma ile karatasi mpaka mwisho? Wengi huisoma mgonjwa akiwa tayari kwenye machela, na hapo maji yameshazidi unga.

Wengine hutegemea michango. Mtu akilazwa tu, kundi la WhatsApp limefunguliwa na namba ya M-Pesa imetolewa. Harambee ni jambo jema, tena ni fahari yetu. Lakini wema si mpango. Wachangaji ni wale wale, na wiki hii wana wagonjwa watatu na matanga mawili. Watatoa mpaka lini?

Najua wapo watakaouliza, "Mipango gani, na bei ya unga ndiyo hii?" Wana haki. Mgonjwa wa figo husafishwa damu mara mbili kwa wiki, yaani mara 104 kwa mwaka. Hakuna mshahara wa kadiri unaoweza kuweka akiba ya kutosha gharama hiyo. Hapo ndipo lile kapu la pamoja linahitajika. Na likihitajika, lazima lifanye kazi. Hospitali isipolipwa kwa wakati, mgonjwa huambiwa atoe taslimu, na hapo makato yanakuwa kodi ya bure. Kulipa ni wajibu wetu, lakini kudai hesabu pia ni haki yetu.

Kwa hivyo nawashauri wazazi mambo matatu. Mosi, mjiandikishe nyote, watoto na wote. Asiyeajiriwa hutakiwa kulipia mwaka mzima mapema, basi mwenye duka na aweke kidogo kidogo kila wiki, kama anavyofanya katika chama chake. Pili, wekeni akiba ya ugonjwa mbali na ya karo, ya kuziba pale bima inapoishia. Tatu, msingoje kuzidiwa. Pimeni presha na sukari mapema. Zahanati na vituo vya afya vipo, na huduma za msingi huko zimekusudiwa kuwa bila malipo chini ya SHA.

Ugonjwa haupigi hodi. Lakini mwenye kuweka mlango imara hulala kuliko yule anayetegemea majirani watasikia kelele. Nasi wanafunzi, tukirudi likizoni, tuwaulize wazazi wetu swali hili bila woga: "Ile karatasi ya bima mmeisoma?"