Boma la Biharamulo si Mali ya Mjerumani

Wapo wanaodai kwamba kulihifadhi boma la Biharamulo ni kumtukuza mkoloni. Dai hilo ni potofu. Mjerumani alitoa amri. Jasho lilikuwa la wananchi. Kulibomoa ni kumfutia mkoloni ushahidi wa dhuluma yake.

Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 huyalinda moja kwa moja majengo ya kabla ya mwaka 1863. Majengo ya enzi ya Wajerumani ni ya baadaye, hivyo yahitaji tamko la Waziri. Ni nani atakayeyapeleka kwake? Mji Mkongwe wa Zanzibar una mamlaka yake ya uhifadhi tangu mwaka 1985. Biharamulo na Ngara hazina chombo cha namna hiyo. Jukumu ni la halmashauri za wilaya.

Hata hivyo, chombo peke yake hakitoshi. Beit al-Ajaib, lililojengwa mwaka 1883, lilikuwa ndani ya Mji Mkongwe, ulio Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000. Sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020. Vikao na mihuri havizibi ufa; asiyeziba ufa hujenga ukuta.

Basi halmashauri hizo ziorodheshe majengo yao ya kale na kutenga fungu la ukarabati kila mwaka. Watumishi wasingoje maagizo ya Dodoma. Walimu nao wawapeleke wanafunzi bomani, wakasome historia ya babu zao katika kuta walizozijenga.