Kitabu Kilichozama Kihoto, na Vingine vya Kuazima

Ndugu wanachama,

Katika mkutano wa tawi uliopita ndugu mmoja aliuliza swali, na swali lake halikujibiwa sawasawa kwa kuwa saa zilikuwa zimekwisha na watu wa zamu ya usiku walikuwa wakiondoka. Aliuliza: kwa nini fedha za sanduku letu zilipie kitabu cha hadithi kilichoharibiwa na maji, hali wenzetu wamehama nyumba zao? Twataka kumjibu hapa. Swali lile si la kijinga, na twajua kwamba wengi waliokaa kimya walikuwa pamoja naye.

Mambo yenyewe yalikuwa hivi. Ziwa la Naivasha lilipopanda mwaka 2020 liliingia mtaani Kihoto, na mwaka 2025 likaingia tena, watu wakawa wanakwenda nyumbani kwao kwa mashua. Mara hii ya pili mwenzetu mmoja wa genge la njia ya reli aliwatoa watoto, kisha magodoro, kisha mtungi wa gesi. Alipokikumbuka kitabu kilichokuwa chini ya kitanda, kitanda kilikuwa kimekwisha kuingia majini. Kitabu kile hakikuwa chake wala chetu. Kilikuwa mali ya maktaba ya umma, kimeazimwa kwa jina lake, nasi watu 11 tulikuwa tukikisoma kwa zamu. Je, alipe yeye peke yake, naye ndiye aliyepoteza na nyumba? Sisi twasema hapana. Tulikisoma wote, basi tukilipie wote. Na wale waliohama wasaidiwe kwa mchango wao wenyewe, ambao tumekwisha kuutoa na tutautoa tena. Mambo haya mawili hayapigani.

Kitabu chenyewe kilikuwa Kuli, kilichoandikwa na Shafi Adam Shafi na kupigwa chapa mwaka 1979. Ni habari za kijana Rashidi, kuli wa bandari ya Unguja, na za mgomo wa makuli wa mwaka 1948. Ye yote aliyepata kubeba taruma begani, akaambiwa na mnyapara aongeze mwendo, atalijua jambo analosomewa tangu kurasa za kwanza. Hatusemi kitabu hiki hakina ila. Mahali pengine mwandishi huisimamisha hadithi yake akaanza kuhutubu, nasi tumesikia hotuba za kutosha. Lakini Kiswahili chake ni kitamu, nacho ni Kiswahili cha pwani kilichotufanya mara kwa mara kumwendea jirani mmoja aliyezaliwa Mombasa tumwulize maana ya neno. Tulikuwa tumefika karibu na mwisho maji yalipokuja. Wenzetu wanne hawajajua mambo yaliishaje, na kila siku wanatuuliza.

Yuko ndugu mwingine aliyesema kwamba hadithi ni uwongo, afadhali mfanya kazi asome sheria. Sheria isomwe! Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 kila mmoja wetu yampasa kuijua, na asiyeijua hudanganywa mchana kweupe. Lakini sheria haikuambii namna nyumba inavyokuwa siku ya kumi ya mgomo, unga umekwisha, mwenye duka amefunga daftari la mkopo, na mke anakutazama bila ya kusema neno. Hayo yamo katika hadithi tu. Mtu aliyekwisha kuyasoma hatashangaa sana yatakapomfika.

Kwa hiyo, pamoja na Kuli, twawaomba mwazime kitabu cha Ousmane Sembène wa Senegal kiitwacho God's Bits of Wood, yaani vijiti vya Mungu. Kilitoka kwa Kifaransa mwaka 1960. Sisi tumekisoma kwa Kiingereza, na kwa kuwa wengi wetu tuliishia darasa la nane katika shule ya misheni, tulikwenda polepole, kurasa tano kwa jioni, mmoja akisoma na mwingine akifasiri. Hakuna kitabu kinachotuhusu watu wa reli kuliko hiki. Ni juu ya mgomo wa wafanya kazi wa reli ya Dakar hadi Niger, ulioanza Oktoba 1947 ukaisha Machi 1948. Walitaka haki sawa na wafanya kazi Wazungu. Treni zikasimama, maji yakakatwa mitaani, maduka yakakataa kukopesha.

Na tazameni miaka hiyo, ndugu zetu. Januari 1947 Mombasa nzima iligoma, bandari na reli pamoja. Oktoba ya mwaka huo huo wakagoma wa Dakar. Mwaka uliofuata wakagoma makuli wa Unguja. Watu wale hawakujuana, wala hawakuwa na simu ya kupelekeana habari. Sisi tulijua kidogo habari za Mombasa kwa kusimuliwa na wazee wa chama. Hizo nyingine tulizipata katika vitabu vya kuazima.

Katika kitabu cha Sembène waliotushika moyo zaidi ni wanawake. Mwanzoni wanaume ndio wenye mkutano na maneno mengi, na wake zao wako nyumbani wakitafuta cha kupika. Halafu wanawake wa Thiès wanaamua kwenda Dakar kwa miguu. Mwendo ule ni kama kutoka hapa Naivasha hadi Nakuru! Njiani wapo wenye watoto mgongoni, yupo kipofu, na yupo Penda, mwanamke ambaye watu wa mji walikuwa wakimdharau, naye ndiye anayewaongoza. Tuliposoma sehemu hiyo walikuwapo wake zetu wawili wanaofanya kazi katika mashamba ya maua. Mmoja akasema, "Rudia hapo." Tulirudia mara tatu. Tangu siku ile hawakosi kuja, na yafaa tukubali kwamba wao wawili husoma kuliko sisi.

Jina la kitabu nalo lina maana yake. Watu wale huogopa kuhesabu watu, wasije wakafupisha maisha yao, basi husema vijiti. Hata huku kwetu wazee wengi hawakupenda mtu awahesabu watoto wao.

Mwandishi huyu hakuwa bwana mkubwa. Alizaliwa mwaka 1923, akawa askari katika jeshi la Ufaransa wakati wa vita, kisha kuli katika bandari ya Marseille. Alikuwa mwanachama wa chama cha wafanya kazi, na alikuwa akisoma vitabu katika maktaba ya chama hicho. Ndugu aliyeuliza habari za sanduku letu na afikiri neno hili kidogo: maktaba ya chama cha wafanya kazi ilimsomesha kuli, na kuli akatuandikia sisi. Mwaka 1956 akatoa kitabu chake cha kwanza, juu ya kuli mweusi. Baadaye akaona kwamba watu wake wengi hawajui kusoma, na vitabu vyake haviwafikii, basi akaenda Moscow kujifunza kazi ya sinema, hali umri wake ulikuwa karibu miaka 40. Alikufa mwaka 2007.

Kwa sababu hiyo twataja na sinema zake. Borom Sarret, ya mwaka 1963, ni fupi, dakika 20 hivi. Ni siku moja ya mtu wa mkokoteni wa farasi mjini Dakar. Anafanya kazi tangu asubuhi, na jioni anarudi nyumbani bila ya mkokoteni na bila ya senti. Tulipoionyesha juu ya shuka nyeupe, watu wa bodaboda waliokuwa wamesimama mlangoni walinyamaza kimya kabisa, nanyi mwajua watu wa bodaboda hawanyamazi. Mandabi, ya mwaka 1968, inachekesha kwanza. Mzee Ibrahima Dieng anapelekewa hundi ya posta na mtoto wa ndugu yake aliyeko Paris. Anakwenda kuichukua fedha, anaulizwa kitambulisho. Hana. Anakwenda kutafuta kitambulisho, anaulizwa cheti cha kuzaliwa. Kila karani anamtuma kwa karani mwingine, na kila jirani aliyesikia habari za fedha anakuja kukopa. Hapa kwetu watu walicheka hata wakalia, kwa maana ni nani ambaye hajafanyiwa hivyo? Mwisho wake hauchekeshi.

Sinema hizi hatukuzipata katika maktaba yetu. Ndugu mmoja alituletea kutoka Nairobi, tukazitazama, zikarudi. Kama yuko mwanachama ajuaye mahali pa kuaminika pa kuazima picha za namna hii karibu na Nakuru, na aandike katika gazeti hili.

Sasa twaingia katika maneno ambayo huenda yakawaudhi wengine. Vitabu na sinema juu ya reli yetu ni vingi, lakini vingi vimetazama reli kutoka dirisha la behewa la daraja la kwanza. J. H. Patterson alitoa mwaka 1907 kitabu chake juu ya simba wa Tsavo waliokula watu wa kujenga reli mwaka 1898. Kinasisimua, hatukatai. Simba wenyewe wako Chicago, wamekaushwa na kuwekwa katika jumba la makumbusho. Lakini Patterson ataja Wahindi 28 walioliwa, kisha asema Waafrika walioliwa hawakuandikwa hesabu yao. Basi! Yeye hakuacha kuwahesabu kwa hofu ya kufupisha maisha yao. Picha iliyotengenezwa mwaka 1996, The Ghost and the Darkness, ilipigwa Afrika Kusini, na ndani yake wameongeza mwindaji wa Kimarekani ambaye hakuwako kabisa. Mwaweza kuitazama siku ya mapumziko. Watoto watafurahia simba. Ila msidhani mmewaona watu wa reli, kwa maana wafanya kazi mle kazi yao kubwa ni kukimbia.

Afadhali mwazime Dance of the Jakaranda cha Peter Kimani, kilichotoka mwaka 2017, maana humo yumo fundi wa Kihindi aliyejenga reli na mjukuu wake mwanamuziki, na mambo yanatokea hapa hapa Nakuru wakati wa kupata uhuru mwaka 1963. Kimeandikwa kwa Kiingereza, na hadithi yake inakwenda mbele na nyuma, kwa hiyo si cha kusoma mtu akiwa na usingizi. Cha Ngugi wa Thiong'o, A Grain of Wheat, kina sehemu ya vijana kukimbilia stesheni siku ya Jumapili kuitazama treni, na tulipoisoma mzee mmoja mstaafu alitabasamu jioni nzima.

Kwa asiyetaka Kiingereza, Ngugi huyo huyo, aliyefariki mwaka 2025, ana Shetani Msalabani, tafsiri ya Kiswahili iliyotoka mwaka 1982. Kitabu hicho alikiandika kwa Kikuyu akiwa amefungwa Kamiti, juu ya karatasi za chooni. Mle yumo Wariinga, karani anayesumbuliwa na wakubwa wa ofisini, ambaye baadaye anakuwa fundi wa magari. Ngugi mwenyewe ameeleza kwamba kilipotoka kwa Kikuyu, watu walikuwa wakisomewa kwa sauti majumbani na hata katika mabaa, na msomaji akifika mahali patamu alinyamaza mpaka ajaziwe glasi yake. Sisi twasoma kwa chai tu, lakini njia ni hiyo hiyo. Kitabu kimoja kikisomwa kwa sauti chatosha watu 11, na asiyejua kusoma hapitwi.

Siku Njema ya Ken Walibora wengi mliisoma shuleni kwa ajili ya mtihani. Isomeni tena bila ya mtihani, ni kitabu kingine kabisa. Picha ya Nairobi Half Life ya mwaka 2012, juu ya kijana wa kijijini aibiwaye kila kitu mara afikapo Nairobi, ni nzuri na ya kweli, lakini ina matusi na damu, wapelekeni watoto kulala kwanza.

Twaomba tawi likubali mambo mawili. La kwanza, deni la Kuli lilipwe kutoka sandukuni mwezi huu, pamoja na faini yake, ili jina la mwenzetu lisafishwe katika daftari la maktaba na aweze kuazima tena. Kwa sasa hatuna mwingine ambaye kazi yake humpeleka Nakuru mchana, saa maktaba ikiwa wazi. La pili, kila kitabu cha kuazima kiwekwe katika sanduku la bati lenye kufuli pale chumbani kwa chama, kisilale chini ya kitanda cha mtu ye yote wa Kihoto mpaka ziwa lirudi mahali pake. Sanduku lenyewe tumekwisha kulipata bure. Kufuli ndiyo tunayoomba.

Usomaji ni Alhamisi baada ya zamu ya mchana. Walio katika zamu ya usiku watasomewa Jumapili. Kitabu kile kilichozama tulikianika juani siku nne. Kurasa za mwanzo zafunguka, lakini za mwisho zimeshikamana na hazifunguki hata kwa wembe. Kama yuko ndugu mwenye Kuli nyumbani kwake, Gilgil, Njoro, Nakuru au po pote, twamwomba atuazime kwa wiki moja tu. Wale wanne wanangoja.

Ni sisi wenzenu,
Wasomaji wa genge la Kihoto