Roboti hatakupiga ngumi, atakubembeleza

Kama hujaona muvi inaitwa Ex Machina, itafute. Jamaa wa duka la muvi hapa Kawangware atakuwekea kwa flash, ila jiandae: hii si kama zile za DJ Afro. Hakuna ngumi, hakuna gari linalolipuka. Ni wanaume wawili na roboti wa kike wakiongea ndani ya nyumba moja.

Kijana Caleb anaitwa na bosi wake amchunguze Ava, mashine yenye sura ya msichana, aone kama ana akili ya kweli. Ava anamwonyesha mapenzi. Caleb anaingilia mitambo ya nyumba ili amtoroshe, halafu Ava anaenda zake na kumwacha amefungiwa ndani. Muvi ilitoka 2015, kwa hivyo sioni haya kukupa mwisho wake.

Wengi wakimaliza humuogopa Ava. Mimi namuogopa bosi. Yeye ndiye mwenye mtambo wa kutafutia vitu kwenye intaneti, na alishasoma yote Caleb aliyowahi kutafuta akiwa peke yake. Alijua hana wazazi, hana mpenzi, na ana roho nzuri. Hata sura ya Ava ilichongwa kwa kufuata yale Caleb hupenda kutazama. Ava hakuhitaji nguvu, manze. Alihitaji faili.

Na sisi tulishafunguliwa faili. Machi 2018 runinga ya Channel 4 ya Uingereza ilionyesha mkubwa wa Cambridge Analytica, Mark Turnbull, akirekodiwa kwa siri. Alijigamba kwamba waliendesha kampeni za Jubilee 2013 na 2017, wakahoji watu 50,000 mara mbili. Kazi yao, alieleza, ni kushusha ndoo ndani ya kisima kuliko mtu mwingine yeyote, mpaka wafikie hofu ambayo wewe mwenyewe hujui unayo. Jubilee ilikubali tu kwamba ilikodi kampuni dada kwa kazi ya kujitangaza.

Mwaka huo huo wa 2017 ilizunguka video fupi ya kutisha, ati Kenya ya 2020 chini ya Raila: vita, njaa, magaidi. Hiyo nayo ni muvi ya kubuni, tena ya siku zijazo. Shirika la Privacy International lilisema ilitengenezwa na Harris Media, kampuni ya Texas. Oktoba, baada ya marudio ya uchaguzi, maduka yalichomwa Kawangware na majirani wakaanza kuulizana kabila. Sisemi video ndiyo iliwasha moto. Nasema tu mtu wa Texas hakuwa na duka hapa.

Mwaka 2021 Wakenya wengi waliingia eCitizen wakajikuta wanachama wa vyama ambavyo hawakujiunga navyo. Si unajua tunavyoandika nambari ya simu na kitambulisho kwa kila daftari la soja getini? Na sasa kuna mashine inayoweza kukuandikia ujumbe wako peke yako, kwa Sheng, na kumwandikia jirani wa ploti hiyo hiyo kitu kingine kabisa.

Uchaguzi ni Agosti 2027. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 iko. Mwanasiasa akikutumia ujumbe unaokuita kwa jina, muulize nambari yako aliitoa wapi. Akinyamaza, mshtaki kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data.