MASTAA MNAOUZA SURA NA UBAO, ACHENI KUWADANGANYA WATOTO WA WATU!

Wadau, mjini kuna mchezo mpya. Staa anaenda zake ufukweni, anaazima ubao wa kuteleza kwenye mawimbi, anapiga picha kasimama kama bingwa, kesho yake kashajiita kocha na anamwaga klipu za kufundisha. Kiki si dhambi. Shida ni kwamba anachofundisha ni uongo, na bahari haina followers.

Cheki klipu zao. Jamaa kalala kifudifudi, kang'ang'ania kingo za ubao kama kashika usukani wa bodaboda. Anaweka goti moja, halafu la pili, ndiyo asimame, macho yote miguuni. Hapo wimbi lilishapita zamani! Ndiyo maana klipu inakatwa fasta.

Madogo wanaoujua huu mchezo hawafanyi hivyo. Viganja vinakaa bapa juu ya ubao, usawa wa mbavu. Unasukuma kifua juu, miguu yote inaingia chini ya mwili kwa mkupuo mmoja, ule wa mbele unatua katikati ya mikono. Magoti yanabaki yamekunjwa, macho yanaangalia mbele unakokwenda. Goti likitangulia linakula muda, uzito unaegemea upande mmoja, ubao unayumba, unazama.

Na mazoezi yake wala hayahitaji maji. Chora ubao mchangani, piga mstari katikati, ruka hata mara ishirini, kila ukitua angalia kama nyayo zote zimekaa juu ya mstari. Bure kabisa!

Kwa nini kelele zote hizi? Kwa sababu dogo wa mtaani anaiga, anaanguka, ubao unampasua kichwa yeye au mtoto anayeogelea pembeni. Mchezo huu umeingia Olimpiki tangu ile Tokyo 2020 iliyofanyika 2021, si pozi la kupigia picha.

Kinachouma zaidi, yule kijana wa ufukweni aliyemshikia staa ubao mpaka akasimama hatajwi popote. Staa anakula dili, yeye anaambulia soda.

Anayetaka ukocha aweke klipu nzima bila kukata, na amtaje na kumlipa aliyemfundisha. La sivyo aseme tu alikwenda kupiga picha, hakuna atakayemcheka.

Wadau mnasemaje, ni ukweli au ni wivu tu? Dondosha komenti yako hapo chini.