Chongoleani si ya Tanga mjini peke yake

Matanki manne. Kila moja limesanifiwa kumeza mapipa 500,000 ya mafuta ghafi, jumla takribani lita milioni 318, juu ya rasi ya Chongoleani, kaskazini mwa jiji la Tanga. Bomba linaloyalisha linatoka Hoima, Uganda, mwendo wa kilomita 1,443, na kabla ya kuiona bahari linakatiza Kilindi, Handeni, Korogwe na Muheza. Mtu asituambie sisi wa Kwashemshi, huku Korogwe, kwamba mambo ya pwani tuwaachie wavuvi.

Kinachonitisha zaidi si chuma cha matanki. Ni viwanja. Penye ajira hufika mama lishe na bodaboda, kisha nyumba za wageni, kisha familia. Viongozi hutazama tu, na wengine hugawa viwanja wenyewe, hadi siku ya msiba wananchi wanapoitwa wavamizi. Sinai, Nairobi, watu waliachwa wajenge juu ya njia ya bomba. Tarehe 12 Septemba 2011 petroli ikavuja, ikaingia mtaroni, watu wakaikimbilia na ndoo. Zaidi ya 100 wakateketea. Msamvu, Morogoro, tarehe 10 Agosti 2019, lori la mafuta lilipinduka, na zaidi ya 100 wengine wakafa hivyo hivyo. Wako waliowaita marehemu wezi wa mafuta. Nakataa kabisa! Aliyepewa dhamana ya kuwaweka watu mbali na hatari ndiye wa kuulizwa kwanza.

Mtaniambia mafuta ghafi hayashiki moto upesi kama petroli. Kweli. Lakini haya ya Uganda yana nta nyingi, ndiyo maana bomba lazima lipashwe joto la nyuzi 50 hivi ili yatiririke. Yakimwagika baharini yatapoa na kuganda madonge, yang'ang'anie mizizi ya mikoko wanakokulia kamba na vifaranga vya samaki. Na ufukwe huu ndio wenye Hifadhi ya Bahari ya Silikanti, iliyotengwa mwaka 2009.

Mauritius walionja. Julai 2020 meli ya Wakashio ilikwama kwenye miamba, na baada ya siku chache takribani tani 1,000 za mafuta zikaingia baharini. Wananchi wakashona vitambaa, wakavijaza majani makavu ya miwa, wakavitandaza majini kuyazuia. Nawaheshimu sana. Lakini sitaki usiku mmoja watu waje Kwashemshi mbio mbio kutafuta nyuzi za mkonge kwa kazi ambayo vifaa vyake vilipaswa kuwa ghalani Tanga tangu mwanzo.

Basi baraza la mazingira NEMC, mamlaka ya udhibiti wa nishati EWURA na kampuni ya bomba watuletee mpango wa dharura kwa Kiswahili, usomwe kwenye mkutano mkuu wa kila kijiji ambacho bomba linapita na kila mtaa unaopakana na matanki. Tujue nani anapigiwa simu, nani anafunga valvu, na nani anamlipa mvuvi siku asizoweza kutia ngalawa majini. Jiji la Tanga lichore mpaka wa makazi kuzunguka matanki, liweke alama za zege, na diwani atakayeruhusu kiwanja ndani yake ashtakiwe. Yote haya yafanyike kabla meli ya kwanza haijafunga gati.