Kabla ya Kuitupa Kompyuta Kuukuu, Tuihamishe Amana Iliyomo



Ndugu zangu wanafunzi na wasomaji wa jarida letu, mwaka huu nimeombwa niandike machache kuhusu kompyuta. Huenda wengi wenu mnatarajia nizungumzie simu na intaneti. Mimi nitazungumzia lile sanduku la kijivu lililofunikwa kitambaa kwenye kona ya ofisi ya walimu, ambalo kila mwaka hapakosi mtu wa kupendekeza litupwe. Maoni yangu ni haya: kompyuta kuukuu yenye kumbukumbu za watu isitupwe, wala isipigwe Windows mpya, mpaka kwanza mfumo wake wote, kama ulivyo, uwe umehamishiwa ndani ya kompyuta nyingine.

Nitaeleza sababu. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa katika ofisi moja hapa wilayani, ambayo sitaitaja, nikimsaidia rafiki yangu kazi ya kuchapa. Akaingia mama mmoja aliyetoka Matema, kapanda gari kupitia Ipinda, anatafuta barua ya kuthibitisha kwamba binti yake alisoma pale na alama alizopata. Binti alikuwa amepata nafasi ya kufundisha watoto, na aliambiwa alete uthibitisho. Cheti chake kiliharibika maji yalipoingia nyumbani wakati wa masika. Karani akamjibu kwa upole, "Mama, kumbukumbu zilikuwa kwenye kompyuta ya zamani. Ilianza kusumbua, fundi akapiga Windows, vikaenda vyote." Mama akauliza, "Vilikwenda wapi, mwanangu?" Hakuna aliyemjibu.

Fundi yule alifanya alichoombwa. Kosa lilikuwa la wenye mali, ambao hawakutofautisha sanduku na amana iliyomo.

Sasa tuingie katika jambo lenyewe. Kila kompyuta ina mfumo endeshi, yaani programu kuu inayosimamia diski, kibodi, skrini na programu nyingine zote. Kompyuta nyingi zilizofika kwetu miaka ya 2000, hasa zile za msaada, zilikuja na Windows 98 au Windows XP. XP ilitoka mwaka 2001, na kampuni ya Microsoft iliacha kuihudumia tarehe 8 Aprili 2014. Windows 7 ikafuata Januari 2020, na Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Hivyo tusidhani ni jambo la mara moja. Kompyuta tunayoiita mpya leo nayo itakuwa kuukuu, na sisi tutaulizwa maswali yale yale.

Wapo wanaosema, "Kwa nini tujisumbue? Nakili mafaili kwenye flashi, basi." Kwa barua na picha, maneno hayo ni sawa. Lakini kumbukumbu nyingi za zamani zilitunzwa ndani ya programu maalumu. Chukua mfano wa Access 97, iliyotumika sana kutunza orodha na alama. Faili lake halifunguki katika Access ya mwaka 2013 wala zilizofuata. Utakuwa na faili mkononi, zima kabisa, usiweze kusoma hata jina moja. Sidii ya programu imepotea, na kijana aliyeitengeneza amehama. Ni sawa na mtu aliyebeba kufuli akaacha ufunguo.

Dawa yake ni kompyuta pepe. Hii ni programu inayotengeneza, ndani ya kompyuta yako, kompyuta nyingine isiyoshikika kwa mkono. Inaupa mfumo wa zamani kila unachotarajia kukikuta: diski, kumbukumbu, skrini na kibodi. Mfumo ule unaamka na kufanya kazi kama kawaida, bila kujua kwamba umehama. Ni kama mpangaji aliyepewa chumba ndani ya nyumba kubwa, akapanga vitu vyake vile vile, kitanda pale na sanduku pale. Wala hauhitaji nafasi kubwa. XP iliomba kumbukumbu ya megabaiti 64 kwa uchache, na 128 ili ifanye kazi vizuri. Kompyuta mpakato ya leo yenye gigabaiti 4 inaweza kuigawia megabaiti 512 bila kuona uzito.

Elimu hii si ngeni. Kampuni ya IBM ilianza kuifanyia kazi Marekani katika miaka ya 1960, kwenye mitambo mikubwa ya kujaza chumba. Mwaka 1999 kampuni ya VMware iliileta kwenye kompyuta za kawaida za mezani, na mwaka 2007 ikatoka VirtualBox, ambayo mpaka leo mtu anaweza kuitumia bila kulipa.

Hata historia ya nchi yetu ina funzo hapa. Kompyuta ya kwanza ya serikali ya Tanzania iliwekwa Wizara ya Fedha mwaka 1965, nayo ilikuwa ya kampuni ya Uingereza ya ICT, ambayo mwaka 1968 iliungana na nyingine ikawa ICL. Kazi ya kuziingiza hesabu za serikali kwenye kompyuta ilileta matatizo makubwa, hata mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Mwaka huo huo wa 1974, ICL ilitangaza mitambo yake mipya ya 2900. Kwa wateja wenye kazi zao kwenye mitambo ya zamani, kampuni iliweka njia ya mtambo mpya kujifanya ule wa zamani, ili kazi ziendelee. Watengenezaji wenyewe walijua kwamba mteja hawezi kuambiwa atupe ya jana ili apate ya kesho.

Hapa chuoni tulifanya hivi. Kwanza, tuliacha kuiwasha ile kompyuta ovyo. Ilikuwa na dalili zote: saa ilirudi nyuma kila ikizimwa, feni ilipiga kelele, na kapasita mbili zilikuwa zimevimba. Joto na unyevu wa bonde letu havina huruma na vyuma. Pili, tulitoa diski yake, tukaiunganisha na kompyuta mpya kwa waya wa kugeuza IDE kuwa USB, ambao tuliuagiza Mbeya. Tatu, tulinakili diski nzima, kuanzia mwanzo hadi mwisho, ikawa faili moja kubwa. Umeme ulikatika katikati, tukaanza upya. Nne, tuliligeuza faili lile liwe la aina inayosomwa na VirtualBox, tukaiwasha kompyuta pepe.

Mara ya kwanza ilileta skrini ya bluu, kwa kuwa XP haikuitambua njia ya kuifikia diski yake. Tulipoibadilisha njia hiyo iwe ya IDE, kama ilivyokuwa kwenye sanduku lake la zamani, ikafunguka. Wallahi, ilipotokea picha ile ile ya majani mabichi na mbingu ya bluu, kisha orodha ya wanafunzi, majina kwa herufi za Kiarabu na za Kilatini, mwalimu wetu mmoja alinyamaza kitambo. Katika orodha ile kulikuwa na wanafunzi wake waliokwisha kufariki.

Hata hivyo, sitaki mtu aondoke akidhani kazi imekwisha hapo. Yapo mambo manne ya kuangalia.

La kwanza ni usalama. XP haina tena wa kuiziba mianya yake, kwa hiyo kompyuta pepe hiyo isiunganishwe na intaneti hata siku moja.

La pili ni haki ya mwenye programu. Mara nyingi Windows iliyouzwa pamoja na kompyuta imeruhusiwa kutumika kwenye kompyuta ile ile tu, na ikihamishwa inaweza kudai ithibitishwe upya. Tuulize, tujue tunachoruhusiwa, na pakihitajika leseni tuitafute. Haifai kuhifadhi amana ya huyu kwa kudhulumu haki ya yule.

La tatu ni nakala. Faili letu lilizidi gigabaiti 4, na flashi iliyopangwa kwa FAT32 haipokei faili moja la ukubwa huo. Inabidi ipangwe kwa exFAT au NTFS. Sisi tuliweka nakala tatu: moja ofisini, moja nyumbani kwa mjumbe wa kamati, na moja Tukuyu, kule juu ambako maji ya Kiwira na Mbaka yakifurika hayafiki. Mkulima wa mpunga hangoji maji yafike mlangoni ndipo apandishe magunia darini.

La nne ndilo kubwa zaidi. Kompyuta pepe ni makao ya muda. Tukiwa na nafasi ya kuifungua programu ya zamani, tuzitoe kumbukumbu zenyewe, tuziweke katika maandishi ya kawaida yanayosomwa na programu yoyote, na orodha muhimu tuzichape kwenye karatasi. Mfumo wa zamani tumeuhamisha ili tupate muda wa kuifanya kazi hii kwa utulivu, si ili tuiahirishe miaka mingine kumi.

Wanafunzi wenzangu, kazi hii haihitaji chuo kikuu. Inahitaji subira, na kijana anayesoma maelekezo kabla ya kubonyeza. Huko kwenu kuna zahanati, kuna vyama vya ushirika vya wakulima wa kakao na mpunga, kuna ofisi za misikiti na shule. Pengine wana sanduku kama letu chini ya meza, limebeba majina na haki za watu. Ukisikia mtu amesema, "Mwite fundi apige Windows," muulize kwanza, kwa adabu, "Mzee wangu, humo ndani mna nini?" Swali hilo dogo huenda likamwepusha mama mwingine na safari ya bure kutoka Matema.

Wabillahi tawfiq.